Maji Yasiyokupwa

Maji ya mji ule hayapwi wala hayajai. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi mwanzo, kabla ya vioo, kabla ya vijia vilivyofagiliwa mpaka vikakosa rangi, kabla ya kaka yangu. Nilisimama ukingoni mwa gati nikayatazama kama unavyomtazama mgonjwa kifuani, kuona kama kinapanda na kushuka. Hakikupanda. Wameyafungia kwa milango ya chuma kule mbele. Bahari imebaki nje inagonga, na haya ya ndani yamekaa kimo kimoja mwaka hadi mwaka, kazi yake kuakisi majengo. Mimi nimezaliwa mahali ambapo maji yakitoka yanaacha ufuko mtupu, kina mama wanaingia kuokota chaza, na maji yakirudi yanafuta nyayo zao. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba siku imepita. Sasa pale ambapo maji hayatoki, siku inapita kwa njia gani? Na kama haipiti, mtu aliyeingia humo asubuhi atatokea asubuhi ipi?

Sikwenda kule kuuliza hayo. Mimi ni mshona magodoro ya sufi, shule niliiacha mapema, na maswali ya namna hiyo nimezoea kuwaachia wenye nafasi. Nilikwenda kwa sababu ya Mize.

Mize ni binti wa kaka yangu Mbaruku. Mbaruku alipanda meli akaenda kupakua mizigo katika bandari ya mji ule wakati Mize bado ananyonya, na mimi bado mtoto wa kukimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti. Hakurudi. Mwanzoni zilikuja salamu, kisha kimya, kisha hata kimya chenyewe tukakizoea kama kabati lililokaa kona moja ya nyumba. Mize akakua. Ameposwa mara nyingi, na kila anayeposa hukwama mahali pale pale. Kadhi alisema jambo ni jepesi: baba akiwa hajulikani alipo, yeye kadhi atasimama na ndoa itapita. Mize akakataa. Alisema mbele ya wazee, bila kuinamisha kichwa, kwamba hataozeshwa na ofisi. Baba yake kama yu hai, atoe idhini kwa kinywa chake. Kama amekufa, mimi baba yake mdogo nisimame mahali pake, maana hakuna mwingine aliyebaki. Lakini ajue lipi kati ya hayo. Wachumba wakaondoka mmoja mmoja. Huyu wa sasa, Yahya fundi majokofu, amesubiri kuliko wote, na ndevu zimeanza kumwota mvi akisubiri.

Basi baharia mmoja alipokuja kutuambia kwamba amemwona Mbaruku kule kule, anabeba magunia gatini, Mize hakulia wala hakucheka. Alinifungia nguo zangu.

"Baba mdogo," akaniambia, "niletee neno moja tu. Hai au kaburi. Nusu nusu usiniletee."

Safari siisimulii. Nililala katika kiti kimoja nikaamka katika kingine, na mji ulikuwa umeshafika.

*

Wanapaita Gati Jipya. Nilimuuliza mtu wa kwanza bandari iko wapi, akaniambia nimesimama juu yake. Nikamuuliza wa pili, naye akanionyesha ardhi chini ya viatu vyangu. Sikuona meli. Niliona winchi kubwa nne zimepakwa rangi ya samawati, shingo zimeinuliwa, kamba zimeondolewa, kama twiga waliopigwa na butwaa. Niliona maghala ya matofali mekundu yenye namba zake za zamani, na nyuma ya kila dirisha kuna mtu anakunywa kahawa. Vijia vina majina ya vitu vilivyokuwa vikipita: Njia ya Karafuu, Njia ya Katani, Ua wa Pembe. Nikavuta pumzi katika Njia ya Karafuu. Hakuna harufu. Bandari isiyo na harufu, niambie, ni nini? Hata maiti ina harufu. Kisichonuka hakijafa, na pengine hakikuzaliwa.

Nikatembea. Miguu ilikataa kutulia. Kila nilipokaa kwenye benchi nilihisi benchi linanitazama, linaniuliza nitamaliza saa ngapi. Magodoro yamenifundisha jambo moja la kweli: usiamini kitambaa. Watu huleta godoro lina maua mazuri, ukilipasua ndani ni vumbi. Mahali pale palikuwa pameshonwa vizuri. Uzi haukuonekana. Nilitamani kutia kisu mahali fulani na kupasua, nione wameshindilia nini.

Ni nani aliyeamua kwamba kazi iondoke na ghala libaki? Huyo mtu analala wapi? Anapoota, anaota magunia au anaota vioo? Na sisi tuliotoa watu wetu kuja kubeba, tumeingizwa katika hesabu ya nani? Nilikuwa nayasema haya kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyevaa kizibao cha manjano kinachong'aa alinisikia, akaja.

Alikuwa mlinzi wa pale, jina lake Kavira, mtu wa Kongo ya mashariki, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kwao. Alifurahi kunisikia kisha akajikaza, kwa kuwa alikuwa kazini. Nikamweleza habari ya Mbaruku. Akaniuliza sura yake. Nikamwambia sura ya kijana, maana nyingine siijui. Akasema wabebaji wapo, wanatoka king'ora kikilia, watu huja kuwatazama. Nikamuuliza wanabeba nini. Akatazama maji. Akasema wanabeba tu.

King'ora kikalia.

*

Mlango wa ghala namba saba ulifunguliwa na wakatoka. Walikuwa kama kumi hivi, vifua wazi, mashuka viunoni, kila mmoja na gunia mgongoni. Walipita ndani ya njia iliyozungushwa kamba nene, kutoka namba saba hadi namba nane, wakaingia, wakatokea tena, wakarudi namba saba. Waliokuwa wakinywa kahawa walisogeza viti. Mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake aone. Jasho la wale watu lilikuwa jasho la kweli. Niliona linadondoka.

Wa tatu alikuwa Mbaruku.

Simaanishi mtu aliyefanana naye. Ni yeye, mwendo wake wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo, sikio lake lililokunjika juu. Na hakuwa mzee. Alikuwa vile vile alivyokuwa siku aliyoniweka begani nione meli. Mimi nina mvi, magoti yananiuma wakati wa baridi, nimezika mama yetu na baba yetu. Kaka yangu alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa kazi.

Nilishika kamba kwa mikono miwili. Akanikaribia. Akaniona. Akainamisha kichwa kidogo chini ya gunia, kama kijana yeyote aliyelelewa vizuri anapokutana na mtu mzima wa kwao ugenini.

"Shikamoo, mzee."

Akapita.

Sikujibu. Msomaji anisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote maishani mwangu. Shikamoo ni neno dogo lenye ngazi ndani yake. Anayeitoa amekubali kuwa chini, anayeipokea amekubali kuwa juu. Tangu nimeanza kusema, mimi ndiye niliyemwamkia Mbaruku. Kila asubuhi, hata sijanawa uso. Alinifundisha yeye mwenyewe, akinivuta sikio nikisahau. Kumwitikia marahaba kaka yako mkubwa ni kumshusha. Ni kumwambia: nafasi yako nimeikalia. Mtu hafanyi hivyo hata kwa utani. Na kwetu salamu ikitolewa isipopokewa inabaki hewani, mtoaji hana amani, na aliyenyamaza anahesabiwa ana kinyongo.

Akarudi kutoka namba nane. "Shikamoo, mzee." Sikujibu. Akaenda, akarudi. "Shikamoo, mzee." Safari hii alinitazama machoni, na uso wake ulikuwa na jeraha dogo la mtu aliyedharauliwa bila kosa.

Nikavuka kamba.

Kavira alinishika mkono. "Papa," akasema, "ule si mutu wa kuguswa. Ule ni wa kuangalia."

Nikamwambia ni kaka yangu. Akamtazama yule kijana, akanitazama mimi na mvi zangu, na sijui alielewa nini, lakini mkono wake ulilegea. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ndani ya kamba hapaingii mtu bila gunia, nikichukua gunia wenye gati hawatanitofautisha, kwa kuwa macho yao huhesabu magunia tu. Penye mlango wa namba saba yalikuwa yamepangwa. Nikachukua moja, nikalitupa mgongoni nikijiandaa kuumia.

Halikuwa na uzito. Nikaliminya. Ni sufi. Sufi nzuri, iliyochambuliwa, haina hata kokwa moja. Kitu kilichonilisha maisha yangu yote, kitu cha kuwalaza watu, kilikuwa ndicho walichomshindilia kaka yangu aamke nacho.

*

Nikatembea nyuma yake. Tuliongea tukitembea, maana kusimama hakuruhusiwi. Tulipofika namba nane tuligeuka, tulipofika namba saba tuligeuka.

Nilimwambia gunia lake halina kitu. Akacheka, akasema wageni wote husema hivyo, ningoje jioni nione kama mgongo utakubali. Akanitania kwamba shingo yangu ni ya kilemba, si ya gunia, nimwachie mtu wa umri wake. Mgongo wake ulikuwa na michubuko. Sufi ilikuwa imemchubua. Niliyaona haya kwa macho yangu na sina maelezo.

Nikamwambia mimi ni Kombo.

Alisema Kombo ni mdogo wake. Alimwacha ana kidonda gotini, alianguka akikimbiza ringi, na mama yao anampaka mafuta ya nazi. Nikamwambia mama amefariki. Akaniambia, bila hasira, kwamba mzee mzima hasemi maneno kama hayo juu ya mama wa mtu. Nikainua kanzu nikamwonyesha kovu la goti huku natembea, nikapepesuka, na waliokuwa wakinywa kahawa wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mbaruku akatazama lile kovu.

"Kama wewe ni Kombo," akasema, "mimi ni nani?"

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia, akaendelea kutembea.

Mtu ni nini? Kama ni mwili, kaka yangu yupo, mzima kuliko mimi. Kama ni miaka aliyopitia, basi hayupo, maana hakuna hata mmoja uliompitia. Wamechukua mtu mmoja katika siku yake moja wakamfungia milango ya chuma, kama maji. Wametupa kazi wakahifadhi jasho. Na yeye hajui, wala hateseki kwa namna ambayo angeweza kuilalamikia. Anasubiri mwisho wa zamu ili apate ruhusa ya kwenda nyumbani. Zamu haiishi. Niseme hai? Niseme kaburi? Mize ameniambia nusu nusu nisimletee, na mahali pote pale, kila tofali, kila kikombe, palikuwa nusu nusu.

Nikatumia neno la mwisho nililobaki nalo. Nikamwambia Mize ameposwa, anahitaji idhini ya baba yake, na anachotakiwa yeye ni kutamka tu.

Mbaruku alicheka kwa mara ya kwanza kwa furaha kamili. Gunia likamtikisika mgongoni.

"Mize gani, mzee? Mize ana jino moja. Juzi nimempa kidole, kaniuma. Hebu ona."

Akaninyooshea kidole cha shahada. Karibu na kucha palikuwa na alama nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, bado mbichi.

Ndipo hasira ikanipanda. Nilitupa gunia, nikamkamata mkono wake kwa nguvu za mtu anayekanda sufi miaka yote, nikamvuta. Nilitaka kumtoa. Nilitaka nimfikishe kwenye ile milango ya chuma, akasikie bahari inavyogonga, apigwe na upepo wenye chumvi, azeeke kama mimi ikibidi, afe ikibidi, lakini apitiwe na kitu. Hakuwa na ubishi mwanzoni, aliheshimu mvi. Nikauvusha mkono wake juu ya kamba.

Upande wa pili wa kamba mkono ulibadilika. Ngozi ikalegea, mishipa ikatokeza, madoa yakaja moja baada ya jingine kama mvua inapoanza kwenye vumbi. Ulikuwa mkono wa mzee. Ulifanana na wa baba yetu. Na ile alama ya jino, nikiiangalia, ikawa waridi, ikawa kivuli, ikawa karibu hakuna.

Mbaruku hakuutazama mkono. Alitazama kidole peke yake.

"Inafutika," akasema. "Mzee, unanifutia mtoto."

Nikamwachia.

Akaurudisha ndani haraka, akaupuliza, akaushika kwa mkono wa pili. Ujana ukarudi. Wekundu ukarudi. Alama ilikaa mahali pake, mbichi, na yeye akapumua kama mtu aliyezibuliwa maji puani. Katika ulimwengu wote, hicho ndicho alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na Mize mzima: homa zake, hasira zake, wali wake anaouunguza kila siku kwa kuacha jiko akabishane na majirani. Yeye alikuwa na jino moja. Nani alikuwa baba? Nilikuwa nimekuja kumwomba mtu kitu ambacho hakuwa nacho, na nilikuwa karibu kumnyang'anya kile alichokuwa nacho.

Kavira aliniletea gunia langu. "Papa," akasema, "utanifukuzisha kazi. Beba, ama toka."

*

Sikubeba. Nilitoka nje ya kamba nikasimama pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Wenzake walikuwa wamemtangulia, akaenda mbio kidogo kuwafikia, akaingia namba nane, akatoka. Alinikaribia kwa mashaka. Nilimwona akipima kama anisalimu au anipite, mimi niliyemwumiza. Adabu ikashinda.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nakuomba unipokee. Kwetu hatuachani hivi."

Nilimtazama kaka yangu aliyenivuta sikio. Nikaona kwamba siku zote nilimtafuta ili anibebee gunia moja, nalo halikuwa la sufi. Nilitaka atamke yeye ili mimi nibaki mdogo. Nimezika wazazi wetu nikiwa mdogo. Nimemlea binti yake nikiwa mdogo. Kila shauri nimelisema kwa jina lake, Mbaruku angetaka hivi, Mbaruku akirudi ataamua. Watu wazima wote wa mji wetu wananiamkia, na kila ninapoitikia nimekuwa nikigeuka kidogo, kuona kama mwenyewe amesimama nyuma.

Nikamwitikia. "Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Uso wake ukafunguka. Ilikuwa kana kwamba ndiye aliyetua gunia. Nami nikasikia mahali fulani mbali, nyuma ya milango ya chuma, bahari ikigonga mara moja, kisha ikaacha.

Aliniuliza kama narudi nyumbani. Nikasema ndiyo. Akatazama nyuma kama zamu inaruhusu, akasogea karibu na kamba bila kuivuka.

"Ukimwona mdogo wangu Kombo, mwambie asimbebe mtoto na mikono ya vumbi. Na mwambie, Mize nimemwachia yeye. Atakaloamua ndilo langu, mpaka zamu iishe."

Kavira alikuwa amesimama kando yangu. Nilimuuliza kama amesikia. Akasema amesikia.

Nilikaa mpaka wakaingia ndani na mlango ukafungwa. Waliokuwa wakinywa kahawa wakarudisha viti mahali pake.

*

Yahya alikuja kunipokea na Mize alikuwa mlangoni. Hakunipa hata maji.

"Hai au kaburi?"

Nikamwambia nimeonana naye. Akasubiri. Nikatafuta neno moja kama alivyoniagiza, nikatafuta njia nzima ya kurudi na pale mlangoni pia, na lililokuja lilikuwa hili.

"Kaniamkia."

Mize ni mtu wa kwetu, hakuhitaji zaidi. Alishika fremu ya mlango. Nilimweleza wosia kama ulivyotamkwa, na habari ya kidole, na kwamba sikuweza kumtoa. Aliuliza baba yake ana umri gani. Nikamwambia ule ule aliotuachia. Nilimwona akijipima, na nilijua jibu kabla yake, kwa kuwa nilishalipata ndani ya safari: binti amempita baba.

"Kwa hiyo akija," akasema, na midomo yake haikujua icheke au ifanye nini, "na mimi ataniamkia."

"Na wewe."

Akafuta uso kwa upande wa kanga. Nje, Yahya alikuwa bado amesimama na begi langu mkononi, hajui aliingize au aondoke nalo. Mize akamtazama, kisha akanirudia mimi, akainama kidogo kuliko alivyowahi kuinama mbele ya mtu yeyote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Sikugeuka nyuma.

"Marahaba," nikasema. "Mwambie huyo aingie. Mkawaite majirani."